Mapitio ya PubMLST kwa anayechunguza hamira zinazoambukiza wanyama

Daktari wa wanyama anapoletewa majibu ya maabara yanayosema kwamba mkojo wa paka, ute wa gole la ndege na maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele vyote vimeotesha Candida albicans, aina ya hamira (fangasi wa seli moja), amepewa jina la spishi na hakuna zaidi. Mara nyingi jina hilo linatosha kuanza tiba. Halimwambii, hata hivyo, kama wanyama hao wanabeba hamira ya ukoo mmoja, kama ugonjwa uliorudi baada ya dawa umeletwa na hamira ile ile au na nyingine iliyochukua nafasi yake, wala kama hamira ya mnyama inafanana na ile inayoishi kinywani mwa mtu anayemlisha. Maswali ya namna hiyo yanajibiwa kwa kulinganisha vinasaba, na ulinganisho unahitaji mahali pamoja ambapo maabara zote hutumia namba zile zile kwa kitu kile kile. PubMLST, hifadhidata inayotunzwa katika Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza na kutumiwa bila malipo, imekuwa mahali hapo kwa baadhi ya hamira. Naipitia hapa kwa jicho la anayeshughulika na wanyama, kwa sababu mbinu inayoibeba ilibuniwa kwa ajili ya bakteria, na anayekuja na hamira ya mnyama anapaswa kujua mapema itamfikisha wapi.

Mbinu yenyewe ilipendekezwa mwaka 1998 kwa bakteria wa uti wa mgongo, Neisseria meningitidis. Badala ya kulinganisha mistari ya DNA kwenye jeli, ambayo kila maabara huisoma kwa namna yake, mtafiti husoma mfuatano wa vipande vifupi vya jeni chache zinazohudumia kazi za msingi za seli. Kila umbo tofauti la kipande kimoja hupewa namba yake ya aleli, na mpangilio wa namba hizo kwa jeni zote hutoa namba moja ya aina. Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba namba haina tafsiri mbili: maabara mbili zilizo mbali kabisa, zisizowahi kubadilishana sampuli, zinaweza kujua kwa uhakika kwamba vipande zilivyosoma vinafanana herufi kwa herufi. Kwa Candida albicans makubaliano yaliyochapishwa mwaka 2003 yaliteua jeni saba, yaani AAT1a, ACC1, ADP1, MPIb, SYA1, VPS13 na ZWF1b, ambazo vipande vyake kwa jumla vina besi, yaani herufi za DNA, 2,883.

Huduma inapogusa Candida albicans hukutana na jambo ambalo halipo kwa bakteria, na hapa ndipo mtumiaji mpya anapaswa kwenda polepole. Hamira hii ina seti mbili za kromosomu, kwa hiyo katika nafasi moja ya jeni nakala ya kwanza inaweza kuwa na besi A na nakala ya pili G. Hifadhidata haijaribu kuzitenganisha nakala hizo. Inaandika nafasi hiyo kwa herufi ya kimataifa inayowakilisha besi mbili kwa pamoja, R kwa A na G, Y kwa C na T, na kadhalika, kisha mfuatano wote wenye herufi hizo unahesabiwa kuwa aleli moja. Uamuzi huu ni wa busara, kwa sababu kutenganisha nakala mbili kwa usomaji wa kawaida wa DNA ni kazi ngumu na ya gharama, lakini unahamishia mzigo mkubwa kwa anayesoma grafu za mashine. Vilele viwili vilivyopandana mahali pamoja vinaweza kuonekana wazi upande mmoja wa usomaji na kufifia upande wa pili, na nafasi moja iliyoandikwa A badala ya R inatosha kuzaa aleli "mpya" ambayo haipo duniani. Kila kipande kisomwe pande zote mbili, na kila nafasi yenye shaka irudiwe kuanzia PCR, yaani hatua ya kunakili DNA kwa wingi, si kuanzia grafu. Anayeona kwamba hilo ni ukali uliozidi akumbuke kuwa aina mpya ndiyo habari inayovutia zaidi katika utafiti wa wanyama, na ndiyo inayozaliwa kwa urahisi zaidi na makosa.

Suala hilo hilo linawakabili wanaokuja na jenomu nzima, yaani DNA yote ya hamira. Programu nyingi zinazounganisha vipande vya jenomu hutoa mfuatano mmoja pale ambapo hamira ina nakala mbili tofauti, zikichagua besi moja na kuitupa nyingine kimya kimya. Ukiingiza mfuatano huo kwenye hifadhidata utapata aleli zisizo sahihi, au hutapata kitu, na ukurasa hauna namna ya kugundua kilichopotea kabla ya faili kufika. Njia salama ni kurudi kwenye usomaji ghafi, kuupanga juu ya jenomu ya rejea, kuzitambua nafasi zenye besi mbili, na kuziandika kwa herufi zinazostahili kabla ya kuuliza. Kwa Nakaseomyces glabratus, ambayo wengi bado tunaiita Candida glabrata, tatizo hili halipo kwa kuwa hamira hiyo ina seti moja tu ya kromosomu, na kazi inakwenda kwa wepesi kama ya bakteria.

Kwa upande wa matumizi, huduma imejengwa vizuri. Ukibandika mfuatano wa kipande kimoja unapata namba ya aleli mara moja, na kama hakuna inayolingana kabisa unaonyeshwa iliyo karibu zaidi pamoja na nafasi zinazotofautiana, jambo linalokusaidia kurudi kwenye grafu zako na kuangalia hasa mahali penye shaka. Unaweza kuuliza mifuatano mingi kwa pamoja, kutafuta kwa mpangilio wa namba hata kama jeni moja imekosekana, na kupakua aleli zote na orodha nzima ya aina kwa ajili ya uchambuzi kwenye kompyuta yako. Zipo pia zana za kuchora mahusiano ya aina zilizo karibu. Kuwasilisha aleli mpya kunahitaji kujisajili, na kila wasilisho hupitiwa na mhakiki kabla ya kupewa namba. Wapo wanaoona hatua hiyo kuwa usumbufu. Mimi naithamini kuliko zana zote za kuchora, kwa maana hifadhidata ya mifuatano isiyo na mhakiki hujaa makosa ambayo baadaye hayawezi kutofautishwa na uanuwai halisi.

Hamira zinazohudumiwa ni chache. Pamoja na Candida albicans, mtumiaji atapata Candida glabrata kwa jeni sita zenye jumla ya besi 3,345, Candida tropicalis kwa jeni sita, na Candida krusei, inayoitwa sasa Pichia kudriavzevii, pia kwa jeni sita. Krusei ndiyo inayowahusu zaidi wanaohudumia ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa ni miongoni mwa hamira zinazopatikana katika ugonjwa wa kiwele, hasa pale ambapo chuchu zimetiwa antibiotiki kwa mirija isiyo safi. Antibiotiki haiigusi hamira, na badala yake huiondolea bakteria washindani. Katika hali kama hiyo namba ya aina ina thamani ya kivitendo kabisa: ng'ombe kadhaa wa zizi moja wakiwa na aina moja, chanzo cha pamoja kama chupa ya dawa au kifaa cha kukamulia kinapaswa kutafutwa, na wakiwa na aina mbalimbali, inaelekea zaidi kwamba hamira zinatoka kwenye mazingira na kuingia kila moja kwa njia yake. Nitoe tahadhari moja ya pembeni: Prototheca, mwani usio na rangi ya kijani unaosababisha ugonjwa wa kiwele usiopona, huonekana kwa haraka kama hamira kwenye sahani ya kuoteshea, na hakuna hifadhidata ya hamira itakayokuambia umeleta kiumbe kisichohusika. Spishi ithibitishwe kwanza.

Candida parapsilosis haina mpango wa aina hii, na sababu yake inaeleweka: jeni zake za msingi hazitofautiani vya kutosha kati ya hamira moja na nyingine, hivyo wanaoifuatilia hutumia vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, ambavyo hubadilika kwa kasi kubwa zaidi. Candida auris nayo, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009 kutoka sikio la mgonjwa nchini Japani, inahitaji jenomu nzima, kwa kuwa koo zake kuu zimetengana mno huku hamira za ndani ya ukoo mmoja zikifanana sana.

Swali kubwa ni kile ambacho hifadhidata imetufundisha kuhusu wanyama wenyewe. Uchambuzi wa Candida albicans 1,391 uliochapishwa mwaka 2007 ulizigawa katika koo 17, na wingi mkubwa wa hamira ukaangukia katika koo chache. Hamira za wanyama zilizoongezwa katika tafiti mbalimbali hazikuunda dunia yao ya pekee. Kwa kiasi kikubwa zinaingia katika koo zile zile zinazobebwa na watu, ingawa uwiano wa koo unaweza kuwa tofauti. Hilo peke yake ni jambo la kutafakari, kwa sababu vimelea vingi vinavyozoea mwenyeji mmoja huacha alama iliyo wazi kwenye vinasaba vyao, na hapa alama hiyo, kama ipo, ni hafifu. Lakini ni rahisi mno kuteleza kutoka hapo na kudai kwamba wanyama huambukizwa na watu, au watu na wanyama. Kuwa katika ukoo mmoja ni undugu wa mbali. Hakuthibitishi kwamba hamira ilivuka kutoka mwili mmoja hadi mwingine.

Utafiti ninaouheshimu zaidi katika eneo hili ulichapishwa mwaka 2008 na kufanywa katikati ya jimbo la Illinois nchini Marekani, ambako watafiti walichukua Candida albicans kutoka kwa wanyamapori wasiohamahama na kutoka vinywani mwa watu wenye afya, katika eneo lile lile na wakati ule ule, wakiuliza kama wanyama hao ndio ghala la hamira za watu. Thamani yake iko katika mpangilio. Kulinganisha hamira za ndege wa nchi moja na hamira za wagonjwa wa nchi nyingine zilizooteshwa miaka mingi kabla hakuwezi kutenganisha tofauti inayotokana na mwenyeji na tofauti inayotokana na mahali au wakati. Ukiivinjari PubMLST bila kuliweka hilo akilini, utajikuta ukifanya ulinganisho huo huo mbovu kwa kubofya mara mbili.

Hapa nafika kwenye upungufu ninaouona mkubwa kuliko wote, nao ni maelezo yanayoambatana na kila hamira. Mfuatano umehakikiwa kwa ukali, lakini habari za mwenyeji hutegemea alichoandika mchangiaji. Hamira nyingi zimetoka kwa wagonjwa wa hospitali, hivyo mizani imeelemea upande wa watu tangu mwanzo. Pale ambapo mnyama ametajwa, anayesoma angependa kujua kama alikuwa mgonjwa au alibeba hamira tu bila madhara, kama alifugwa ndani ya nyumba au aliishi porini, na kama alikuwa amepewa antibiotiki, homoni za kupunguza kinga au dawa za fangasi. Neno "mnyama" peke yake halifai kitu. Kasuku anayelishwa kwa mkono na mtu, bata wa mwituni na mbwa mwenye kisukari wana mazingira matatu yasiyofanana, na kuwaweka katika kundi moja kisha kutafuta "ukoo wa wanyama" ni kuuliza swali lisilo na jibu. Kosa hili si la wahakiki wa Oxford peke yao, kwa sababu hawawezi kuandika wasichopewa. Hata hivyo naamini sehemu hizo zikiwa za lazima katika fomu ya kuwasilisha hamira ya mnyama, faida itaonekana upesi.

Tahadhari ya pili inahusu namna ya kusoma tofauti. Candida albicans haijulikani kupitia mzunguko kamili wa kujamiiana kama ule wa viumbe vingi, lakini haikai bila kubadilika. Mara kwa mara kipande cha kromosomu moja hunakiliwa juu ya mwenziwe, na nafasi zilizokuwa na besi mbili zinabaki na moja. Hamira ndani ya mwili wa mnyama mmoja inaweza kupoteza nafasi kama hizo katika jeni mojawapo kati ya zile saba, na mara hiyo inapata namba nyingine ya aina ingawa ni mtoto wa ile ya kwanza. Kwa hiyo mbwa aliyetibiwa maambukizi ya mkojo, kisha akarudi na namba tofauti, hajathibitishwa kuwa amepata hamira mpya. Aleli zitazamwe moja moja: ikiwa sita zinafanana na ya saba imepoteza tu besi moja ya nafasi iliyokuwa na mbili, undugu wa moja kwa moja ndio maelezo yenye nguvu. Upande wa pili nao una mpaka wake, kwa kuwa besi 2,883 ni sehemu ndogo sana ya jenomu inayokaribia besi milioni 14 kwa seti moja, na namba inayofanana haiondoi uwezekano wa tofauti nyingi mahali pengine, zikiwemo zile zinazoleta usugu wa dawa. Ni kweli kwamba usugu wa flusitosini, dawa ya fangasi, umeonekana kufungamana na ukoo wa 1, kwa badiliko moja katika jeni FUR1, lakini huo ni mfano wa pekee na haupaswi kumfanya mtu achague dawa kwa kutazama namba ya ukoo.

Kwa mtu anayetibu mbwa, pengo kubwa liko kwingine kabisa. Hamira inayokutana naye zaidi ni Malassezia pachydermatis, ile ya masikio yanayonuka na ngozi inayowasha, na yeye hatapata mpango wa namna hii wa kuipa namba za aina. Hamira hiyo ilielezwa mwaka 1925 kutoka kwenye ngozi ya kifaru wa Kihindi, na tangu hapo imeonekana kwa wanyama wa kila namna. Kama ndugu zake wote, haina uwezo wa kujitengenezea asidi za mafuta na huzichukua kutoka kwenye ngozi ya mwenyeji, ingawa yenyewe huota kwenye lishe ya kawaida ya maabara ambako nyingine hushindwa. Uanuwai wake si wa kubeza: mifuatano ya jeni za ribosomu imeigawa katika makundi kadhaa, na spishi nyingine za jenasi hiyo zimeelezwa kutoka kwa mbuzi, farasi, sungura, paka na ng'ombe. Umuhimu wake unavuka hata kliniki ya wanyama, kwa kuwa uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998 uliihusisha hamira hii, iliyokuwa imeenea katika wodi ya watoto wachanga mahututi, na mbwa waliofugwa nyumbani na wahudumu wa afya. Hamira yenye historia kama hiyo inastahili mpango wa pamoja wa namba, na mpaka utakapokuwepo kila maabara itaendelea kuyaita makundi kwa majina yake.

Cryptococcus, hamira nyingine inayougusa mwili wa watu na wanyama, inahudumiwa vizuri zaidi, lakini si hapa. Mpango wake wa jeni saba ulikubaliwa mwaka 2009 chini ya jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa fangasi, ISHAM, na una hifadhidata yake. Naitaja kwa sababu ndiyo inayoonyesha kile ambacho vinasaba vinaweza kufanya wanyama wanapohesabiwa tangu mwanzo. Ugonjwa wa Cryptococcus gattii ulipozuka katika kisiwa cha Vancouver nchini Kanada mwaka 1999, paka, mbwa, lama na hata nyangumi wadogo wa pwani waliugua pamoja na watu, na ulinganisho wa vinasaba ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya maambukizi ilitokana na kundi dogo moja, VGIIa, lililokuwa pia kwenye miti na udongo. Wanyama hawakuwaambukiza watu. Wote walivuta hewa moja. Hitimisho la namna hiyo liliwezekana kwa kuwa hamira za wanyama, za watu na za mazingira zilisomwa kwa kipimo kimoja, na hicho ndicho ninachokitafuta ninapofungua kurasa za Candida na kukuta safu ya wanyama ikiwa nyembamba.

Kwa hiyo anayechunguza Candida albicans, glabrata, tropicalis au krusei kutoka kwa wanyama naomba aitumie PubMLST bila kusita, maana hakuna mahali pengine atakapopata historia ndefu ya aina zilizohakikiwa bila kulipa chochote. Asiitegemee kuamua kama maambukizi yamerudi au ni mapya bila kutazama aleli zenyewe, na asiitumie kwa masikio ya mbwa. Akipata aina mpya aiwasilishe pamoja na spishi ya mnyama, sehemu ya mwili, hali ya afya na dawa alizopewa, na kama inawezekana aongeze hamira ya mtu anayeishi na mnyama huyo, iliyochukuliwa kwa ridhaa yake katika wiki ile ile, kwa sababu jozi za namna hiyo ndizo zinazokosekana zaidi katika kurasa hizo.